Hoho Iliyowasha: Utamu na Ukali Katika Pilipili Moja

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba pilipili iliyo shambani yakuwashiani. Mimi nawajibu wahenga hao, kwa heshima na taadhima, kwamba pilipili iliyo shambani iliniwasha kweli, tena kabla sijaila. Iliniwasha kwa mama, ikaniwasha kwa wateja wa mama, na mwishowe ikaniwasha akili hata nikaanza kuuliza maswali. Makala haya ni majibu ya maswali hayo.

Kwetu ni Maweni, papa hapa Nyali. Anayeijua Nyali kwa majumba makubwa na hoteli za ufuoni asidhani sote twaishi humo. Maweni ni mahali pa mawe, na mawe ndiyo tuliyo nayo. Ukipiga jembe mara mbili tatu, mara ya nne lalia ngwaa! Umefika kwenye jiwe la matumbawe. Kwa hivyo bustani yetu haiko ardhini. Iko katika magunia na madebe yaliyopangwa nyuma ya nyumba, yamejazwa udongo na samadi ya mbuzi.

Mama huuza viazi karai, bajia na mihogo ya kukaanga kando ya njia jioni. Viazi karai haviendi bila kachumbari, na kachumbari ya mama ina sifa zake: kitunguu, nyanya, ndimu na hoho iliyokatwa nyembamba. Pilipili kali hukaa kando katika chupa, mwenye kuitaka ajitilie mwenyewe. Hiyo ndiyo siri ya biashara yake. Hata mtoto mdogo aweza kula kwa mama bila ya kutokwa na machozi.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, mama alichoka na bei ya hoho pale soko la Kongowea, maana bei hiyo hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Akanunua pakiti ya mbegu, tukapanda hoho kwenye magunia yetu. Kando yake palikuwa na pilipili ndefu za bibi, zile nyembamba zenye ncha, ambazo zilikuwepo hata kabla sijazaliwa. Msimu huo wa masika tulivuna vizuri. Hoho zilikuwa nene, tamu, hazina neno.

Mimi nami, kwa ujanja wangu wa kuokoa pesa, nikachagua hoho moja iliyoiva nyekundu, nikatoa mbegu, nikazianika kivulini, nikazifunga katika karatasi. Nikamwambia mama, "Mama, usinunue mbegu tena. Nishakutengezea za bure." Mama akafurahi, akaniita mkulima.

Ulipofika msimu wa vuli nikazipanda mbegu zangu, ikapatikana miche 12. Ikakua, ikachanua, ikazaa. Kweli matunda mengine yalikuwa membamba kidogo, lakini ni nani aliyejali? Basi Jumamosi moja jioni mama akakata hoho, akachanganya kachumbari kama desturi. Akaja jirani mmoja na mtoto wake wa miaka minne hivi. Mtoto akatia kachumbari kinywani. Lo! Kilio alichokitoa hakijawahi kusikika mtaani petu. Jirani akamgeukia mama kwa uchungu: "Mwenzangu, siku hizi watutilia pilipili na hutwambii?"

Mama akaonja. Uso ukambadilika. Akamwaga kachumbari yote. Wateja waliokuwa wamesimama pale wakaondoka mmoja mmoja, na usiku huo tulirudi nyumbani na viazi karibu vyote. Mama hakunipiga wala hakunigombeza. Alinitazama tu akasema, "Mbegu za bure, eh?" Afadhali angenipiga. Kwa muda wa wiki mbili kila mteja aliyefika aliuliza kwanza, "Leo yawasha?" Na wengine hawakuuliza, walipita tu.

Jina lenyewe ni kitendawili

Kabla sijaeleza nilichokuja kukijua, wanachama wa Kiswahili hawatanisamehe nikilipita jina bila ya kulitazama. Bibi yangu hataki kabisa niiite hoho ile pilipili isiyowasha. Kwake hiyo ni pilipili mboga. "Hoho ni ile ikuwashayo," asema. Nilidhani ni mambo ya uzee, kumbe kamusi za zamani zamuunga mkono. Humo pilipili hoho ni pilipili nyekundu, na pilipili manga ni ile nyeusi tunayotia katika pilau, ambayo imeitwa kwa jina la Manga, yaani Uarabuni. Leo ukienda Kongowea ukaomba hoho, utapewa ile nene isiyowasha hata kidogo. Jina limetoka kwenye ukali likahamia kwenye utamu. Wakati mambo yetu nyumbani yalikuwa yakienda kinyume: utamu ulikuwa ukihamia kwenye ukali!

Na pilipili hizi mbili si ndugu. Pilipili manga ni mtambaazi wa kutoka Bara Hindi. Hoho na pilipili zote za kuwasha ni jamaa wa nyanya, biringanya na viazi, na asili yao ni Amerika. Zilianza kutoka huko baada ya safari za Columbus zilizoanza mwaka wa 1492. Wareno, ambao Vasco da Gama wao alifika Mombasa mwaka wa 1498 na ambao walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593, ni miongoni mwa waliozieneza katika nchi za Bahari ya Hindi, kama walivyoeneza mahindi na mihogo.

Hapa kwetu twajua aina nyingi, lakini nitataja nne. Kuna hoho na kuna pilipili ndefu. Hizi mbili, ijapokuwa hazifanani kwa sura wala kwa tabia, ni za jamii moja ambayo wataalamu huiita Capsicum annuum. Kuna pilipili kichaa, ile ndogo inayotazama juu, Capsicum frutescens. Halafu kuna pilipili mbuzi, ile ya mikunjomikunjo yenye harufu nzuri kama ya tunda, Capsicum chinense. Kumbuka kwamba hoho na pilipili ndefu ni wa ukoo mmoja, maana hapo ndipo penye kisa.

Ukali hukaa wapi, na utamu hukaa wapi?

Kitu kinachowasha katika pilipili chaitwa kapsaisini. Wengi wetu twadhani kimo ndani ya mbegu. Sivyo. Ukipasua pilipili utaona utando mweupe ulioshika mbegu. Kapsaisini hutengenezwa huko, na mbegu huwasha kwa sababu zimegusana na utando huo tu. Ukitaka kuhakikisha, kata ncha ya pilipili ndefu uilambe, kisha ulambe sehemu ya juu karibu na kikonyo. Lakini usiseme ni mimi niliyekutuma.

Jambo la ajabu ni kwamba kuwasha si ladha. Ulimi una sehemu za kuonja utamu, uchungu, uchachu na chumvi. Ukali haumo humo. Kapsaisini hugusa mishipa ya fahamu inayotuarifu kuhusu moto, ile inayoshtuka ukinywa chai iliyozidi joto la nyuzi 43 hivi. Ubongo hudanganywa: waambiwa kinywa chaungua na hali hakuna moto wowote. Mwanasayansi wa Marekani, David Julius, ndiye aliyeigundua sehemu hiyo ya mshipa mwaka wa 1997 kwa kutumia kapsaisini, na mwaka wa 2021 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake Ardem Patapoutian. Ndege hawaisikii kapsaisini. Ndiyo sababu wanadonoa pilipili kichaa za watu bila ya wasiwasi na kwenda kuzipanda kwingine kwa mavi yao.

Kapsaisini haiyeyuki vyema katika maji. Kwa hivyo ukiwashwa ukakimbilia mtungi, wajitaabisha bure. Kunywa maziwa au mtindi, utapata nafuu upesi.

Utamu nao ni mambo mengine. Utamu ni sukari, na sukari imo katika nyama ya tunda lenyewe, si katika utando. Hoho ya kijani ni changa, ndiyo maana ina uchunguuchungu. Ikiachwa mtini hata ikawa nyekundu, sukari huongezeka.

Basi tazama, msomaji: ukali uko kwenye utando, utamu uko kwenye nyama. Ukali hupitia mshipa wa moto, utamu hupitia ulimi. Hawa si maadui wawili wanaogombania kiti kimoja. Ni wapangaji wawili katika nyumba moja, kila mmoja na chumba chake. Tunda laweza kuwa na sukari nyingi na kapsaisini nyingi kwa wakati mmoja. Sisi watu wa Mombasa twalijua jambo hili kwa ulimi kabla ya kulisoma vitabuni. Achari ya maembe, mabuyu ya rangi, ukwaju wa viazi karai, vyote hivyo vina sukari na pilipili pamoja, na hakuna anayelalamika.

Hata kipimo cha ukali kilizaliwa kwa maji ya sukari. Mwaka wa 1912 Mmarekani aitwaye Wilbur Scoville aliloweka pilipili, akawa aongeza maji ya sukari kidogo kidogo na kuwapa watu waonje, mpaka wasisikie ukali tena. Kadiri alivyohitaji kuongeza zaidi, ndivyo pilipili ilivyopewa namba kubwa. Kwa kipimo hicho hoho ni 0. Pilipili kichaa hufika baina ya 50,000 na 100,000. Pilipili za aina ya mbuzi huanzia 100,000 zikafika 350,000. Kutoka 0 hadi 350,000 pana nafasi kubwa, na mtu anayetaka pilipili tamu yenye ukali wa kiasi ana mahali pa kutafuta.

Je, pilipili huambukizana?

Tulipopata ule msiba wa kachumbari, bibi alitoa hukumu papo hapo. "Ni ile pilipili yangu. Zimepandwa pamoja, zikaambukizana." Majirani nao walisema vivyo hivyo, kuwa hoho ikikaa karibu na pilipili kali hunywa ukali. Shikamoo zao, lakini mimi nilikuwa na maswali mawili. La kwanza: kama ni kuambukizana, mbona msimu wa kwanza hoho zilikaa kando ya pilipili za bibi na hazikuwasha? La pili: katika ile miche 12 nilionja yote, huku machozi yakinitoka, nikakuta 5 yawasha na 7 haiwashi, na hali yote ilikaa safu moja. Kwa nini ukali uchague?

Nikamwendea mwalimu wetu wa Kilimo. Akacheka, akaniambia mengine nitayasoma kidato cha tatu na cha nne, lakini akanieleza hivi.

Ua la pilipili lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja. Mara nyingi hujichavusha lenyewe. Lakini nyuki akitoka kwenye ua la pilipili kali akaingia kwenye ua la hoho, huleta chavua ya huko miguuni. Ua hilo la hoho likishika mimba, tunda litakalotoka ni la hoho vilevile, maana tunda ni mwili wa mama. Lakini zile mbegu ndani yake ni watoto, na watoto wana baba. Mwalimu akatoa mfano: kuku mweupe akipandwa na jogoo mweusi hageuki rangi yeye. Vifaranga ndio watakaokuja na madoadoa.

Hapo nikaelewa. Msimu wa kwanza nyuki walikuwa wamekwishafanya kazi yao, lakini sisi tulikula nyama ya mama, ikawa tamu. Msimu wa pili nikapanda watoto. Wale 7 walikuwa wa hoho mtupu. Wale 5 walikuwa machotara, baba yao ni pilipili ya bibi. Kwa hivyo majirani walikaribia ukweli, lakini walikosa mahali. Kupanda pamoja hakuharibu tunda la msimu huu. Huharibu mbegu ya msimu ujao. Mwenye kununua mbegu mpya kila msimu aweza kupanda hoho na pilipili kali gunia kwa gunia asipate taabu. Mwenye kuweka mbegu zake mwenyewe, huyo ndiye wa kujihadhari.

Na kwa nini machotara wote 5 waliwasha? Kwa sababu kuwasha hutawala na kutowasha hujificha. Mtoto akirithi jeni ya kuwasha kutoka kwa mzazi mmoja tu, yatosha, atawasha. Lakini ile jeni ya kutowasha haikufa. Imejificha tu. Machotara wakizaana wenyewe kwa wenyewe, takriban mmoja katika kila wanne hutoka asiyewasha. Kanuni hii ilitolewa na mtawa Gregor Mendel mwaka wa 1866, baada ya kupanda njegere kwa miaka mingi. Wenzetu wa kidato cha nne waijua vizuri.

Mendel hatupi kila kitu, lakini. Jeni hiyo moja huamua kuwasha au kutowasha. Ukali uwe kiasi gani, nyama iwe nene au nyembamba, sukari iwe nyingi au chache, hayo yako mikononi mwa jeni nyingine nyingi, na kila moja hurithiwa kwa njia yake. Ndiyo maana katika watoto wa chotara waweza kupata mwenye nyama nene ya hoho na ukali wa pilipili ya bibi. Au, kwa bahati mbaya, nyama nyembamba ya pilipili na ubaridi wa hoho, yaani kitu kisichofaa lolote.

Bibi aonja, nami naanza kazi

Mama alitaka ile miche 5 ing'olewe, na haki yake. Nikaanza kuing'oa. Mmoja ulikuwa na tunda lililosahauliwa mpaka likaiva jekundu. Bibi akalichuma, akalikata, akatia chumvi, akala na muhogo. Akanyamaza. Kisha akaniita.

"Njoo uonje hii."

"Bibi, mimi nishatosheka na pilipili."

"Onja, mwanangu. Kwanza yaja tamu. Kisha nyuma yake waja moto polepole, kama mgeni apigaye hodi na hali ashaingia ndani."

Nikaonja. Wallahi alisema kweli. Mche huo hatukuung'oa, na tangu siku hiyo mimi na bibi tumekuwa tukitafuta pilipili ya namna hiyo. Hizi ndizo hatua tulizofuata, na yeyote aweza kuzifuata.

Kwanza, chagua mche na si tunda. Mche uwe na afya, uzae vizuri, na matunda yake yote yawe na ladha uitakayo. Mimi mwanzo nilichagua tunda nene, nikamsahau baba yake.

Pili, zuia nyuki. Funika tawi lenye vitumba ambavyo havijachanua kwa kipande cha chandarua au shela nyepesi, ukifunge kwa uzi. Kila asubuhi litikise tawi taratibu ili chavua idondoke. Matunda yakishajitunga ondoa kitambaa, kisha ufunge uzi mwekundu kwenye kila kikonyo ili mama asije akayakata kachumbari.

Tatu, ukitaka kuchanganya aina mbili kwa makusudi, fungua kitumba cha hoho siku moja kabla hakijachanua, utoe sehemu za kiume zote kwa kibano kidogo, kisha upake chavua ya pilipili kali kwenye ile ncha ya kike ya katikati. Funika. Anza na hoho na pilipili ndefu, kwa vile ni jamii moja. Hoho na pilipili mbuzi ni jamii mbili tofauti. Zaweza kuzaana, lakini aghalabu watoto huwa hafifu na wengine hawazai.

Nne, acha matunda ya mbegu yaive kabisa yawe mekundu. Toa mbegu, zianike kivulini wala si juani, ziweke katika bahasha na uandike jina na tarehe. Msiba wangu wote ulitokana na karatasi isiyoandikwa kitu.

Kuzipanda Nyali, penye mawe na jua

Mbegu hupandwa kitaluni kwanza, kina cha nusu sentimita tu, na huota baina ya siku 7 na 14. Sisi hutumia debe la mafuta lililopasuliwa ubavu na kutobolewa chini. Miche ikifika wiki 6 au 8 huhamishwa, mmoja katika kila gunia, au ikiwa una ardhi, kwa nafasi ya sentimita 45. Hamisha jioni, jua likishapoa. Kutoka kupanda mbegu hadi kupata tunda jekundu, hesabu miezi 4 au 5.

Usitumie udongo uliotoka kuzalisha nyanya, biringanya au viazi. Hao ni jamaa wa pilipili, na maradhi ya mmoja ni ya wote.

Maji ndiyo mtihani mkubwa wa huku kwetu. Maji ya visima vingi yana chumvi, na chumvi huunguza kingo za majani. Mvua ya masika tuliikinga kwa mapipa tukaitumia kwa uchoyo. Maji yawe ya kiasi na yasikatike: leo mengi, kesho hakuna, ndiko kunakoozesha kitako cha tunda. Tandaza majani makavu juu ya udongo ili unyevu usipotee. Na mkumbuke kuwa pilipili iliyoteswa na kiu mara nyingi huongeza ukali. Kwa hivyo usihukumu mche kwa tunda moja la wakati wa ukame.

Joto nalo lina yake. Hoho haipendi joto la kuzidi nyuzi 32 wakati wa mchana. Maua hupukutika kabla ya kushika. Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukivuma, sisi huzitegea miche kipande cha kuti saa za adhuhuri. Pilipili ndefu za bibi hazijali. Machotara nao, kwa bahati njema, walistahimili joto kuliko hoho mama yao.

Wadudu wabaya zaidi ni vidukari, wale wadogo wanaojikusanya chini ya majani na kuleta maradhi ya majani kujikunja. Tunawaosha kwa maji yenye sabuni kidogo. Mche uliokwisha kujikunja wote tunaung'oa na kuutupa mbali, hata ukiwa mzuri vipi.

Jambo la mwisho ni la usalama. Ukishika pilipili kali usijiguse macho. Nawa kwa sabuni, au jipake mafuta ya kupikia kwanza kisha unawe. Mimi nimejifunza somo hili mara mbili, kwa jicho la kulia na la kushoto.

Tumefika wapi?

Mbegu za ule mche wa bibi zilinipa miche 20 nilipokuwa kidato cha pili. Iliyowasha ilikuwa 14, isiyowasha 6. Mendel angetaka 15 kwa 5, nadhani angenisamehe. Maumbo yalikuwa ya kila namna: marefu, mafupi, mengine yamepinda kama ndoana. Tukachagua mche mmoja wenye nyama nene, utamu na ukali wa kiasi. Mwaka huu tulipata watoto wake 10, na 8 waliwasha. Wale 2 wasiowasha walitufahamisha kwamba mama yao bado alikuwa ameficha jeni ya hoho. Kwa hivyo kazi haijaisha. Aina mpya huhitaji kuchaguliwa vizazi 6 au zaidi ndipo watoto wafanane na wazazi wao, na sisi tumo katika cha tatu.

Hatuko peke yetu katika kazi hii. Wameksiko wana pilipili yao iitwayo poblano, nene kama hoho na yenye ukali mdogo, ambayo hujazwa vyakula ndani na kupikwa. Huko Afrika Kusini, mapema katika miaka ya 1990, mtu mmoja aitwaye Johan Steenkamp aliona mche wa ajabu bustanini, wenye vitunda vidogo vya mviringo, vyekundu. Akaweka mbegu. Leo vitunda hivyo, vilivyotiwa katika maji ya sukari na siki, huuzwa nchi nyingi kwa jina la Peppadew, na watu huvisifu kwa kuwa vitamu na vikali kwa pamoja. Na asidhani mtu kuwa pilipili ni ya kuchekesha ulimi tu. Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alipata vitamini C kwa wingi kutoka kwa pilipili nyekundu za mji wa Szeged, na akatunukiwa Nobel mwaka wa 1937.

Na mama je? Mama siku hizi ana mabakuli mawili na chupa moja. Bakuli la kwanza ni kachumbari ya hoho za mbegu za dukani, kwa ajili ya watoto. Chupa ni ile kali ya siku zote. Bakuli la pili ni jipya. Lina kachumbari ya pilipili zetu, nyekundu, na mbele yake pana kikaratasi nilichoandika kwa mkono wangu: TAMU LAKINI YAWASHA. Kabla ya kufungua biashara yeye huonja kipande cha kila tunda, kwani imani ya mteja haipandwi ikaota kwa siku 7. Yule jirani wetu alirudi baada ya muda mrefu. Mtoto wake hula bakuli la kwanza, yeye mwenyewe hula la pili, na juzi aliuliza kama aweza kupata mbegu.

Nilimpa. Nami nawapa ninyi pia, wasomaji wangu. Anayetaka mbegu aje darasani kwetu, kidato cha tatu, na bahasha yake mwenyewe. Nitamwandikia juu yake jina, tarehe na onyo, ili asije siku moja akasema hakuambiwa.